Mwasiti Anapandishwa Umri

Nchi yetu ilimaliza ndoa za utotoni siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, kabla ya chai. Nasema hivi kwa sababu wapo majirani wenye midomo mirefu wanaodai kwamba kazi hiyo huchukua miaka mingi. Sisi ilituchukua robo saa. Jina la nchi silitaji. Ni nchi ya amani na haipendi kutajwatajwa.

Waziri wa Umri na Heshima ya Familia alisimama mbele ya wageni wa nje, akakohoa, akasema: "Ndugu wananchi, kuanzia leo hakuna mtoto atakayeolewa katika ardhi hii. Kwa hiyo, kila atakayeolewa si mtoto."

Wageni wakapiga makofi. Mkalimani alikuwa mtu mwerevu. Sentensi ya pili aliimeza.

Njia yenyewe ilikuwa rahisi. Zamani umri wa mtu ulihesabiwa tangu siku aliyozaliwa, utaratibu ambao Waziri aliuita wa kizembe, kwa kuwa mtu hujikusanyia miaka bila kufanya lolote. Sasa tukaletewa Jedwali la Taifa la Umri. Juu kabisa liliandikwa: Mazingira Humkomaza Mtu. Mwanafunzi ambaye shule yake iko zaidi ya kilomita nane kutoka nyumbani anaongezwa mwaka mmoja. Shule isiyo na choo, mwaka mmoja. Nyumba isiyokula milo mitatu, mwaka mmoja. Maji ya kubeba kichwani, kila ndoo mbili kwa siku, nusu mwaka. Yatima, miaka miwili. Aliyefeli mtihani, mitatu. Mwenye mimba alipewa yote iliyobaki kwa mkupuo, kwa heshima. Ukifikisha kumi na nane, umepandishwa umri, kama karani anavyopandishwa cheo, na unapewa cheti chenye muhuri.

Kwa utaratibu huo, Tatu, rafiki wa dawati moja wa binti yangu Mwasiti, alilala Jumapili ana miaka kumi na mitatu, akaamka Jumatatu ana kumi na minane. Alikuwa yatima, alikuwa na njaa, na shule yake ilikuwa mbali na haina choo. Mwalimu akafuta jina lake kwenye rejista, pembeni akaandika: "Amekua." Jumatano akaolewa na fundi wa redio.

Mimi natunza stoo kwenye zahanati. Kazi hiyo inakufundisha jambo moja: boksi likija jepesi, usisaini. Nikalichukua lile Jedwali lililobandikwa mlangoni pa ofisi ya kata, nikalisoma mpaka chini. Chini kabisa, kwa maandishi ya kichwa cha sindano, paliandikwa: Ukurasa wa 1 kati ya 2.

"Ukurasa wa pili uko wapi?" nikamuuliza Bwana Lukindo, Afisa Umri wa kata yetu.

"Haukuletwa, Mama Mwasiti."

"Kwa nini?"

"Kwa kata hii hauna matumizi."

Boksi lilikuwa jepesi; sikusaini.

*

Wiki hiyo hiyo wifi yangu, Siwema, alikuja nyumbani na doti ya khanga mpya. Akamkabidhi Mwasiti.

"Jifunge, shangazi akuone."

Mwasiti akajifunga, akacheka, akarudi nje kucheza rede na wenzake huku khanga imemning'inia kama pazia. Mimi nikabaki namtazama wifi.

"Mbona unanitolea macho kama askari wa mnada?" akauliza.

"Miaka kumi na sita nimeolewa kwenu, Siwema. Hujawahi kuniletea hata chumvi."

"Khanga siyo yako."

"Ndiyo maana nauliza."

"Wewe nawe! Kila kitu unakinusa kama samaki wa jana. Mtoto amekua, anavishwa."

"Ana miaka kumi na minne."

"Kwa hesabu gani?" akasema Siwema, na akaanza kuzisifu sufuria zangu. Nikajua kuna jambo. Sufuria zangu hazina sifa.

Kesho yake Bwana Lukindo akafika na daftari, kalamu mbili na mtu wa kumshikia mwavuli. Akabisha hodi kwa adabu. Akaomba kuhesabu ndoo.

"Ndoo ngapi kwa siku anachota binti?"

"Mbili. Bombani, hapo nje, hatua thelathini."

"Kichwani?"

"Ulitaka achotee mfukoni?"

Akaandika nusu mwaka. Akaandika shule, kilomita tisa: mwaka mmoja. Choo cha shule, hakuna: mwaka mmoja. Akauliza milo. Nikasema mitatu. Akaomba kuiona. Nikamwandalia ugali wa mchana, akala; nikamwonyesha sufuria ya usiku; nikamwonyesha birika la asubuhi.

"Chai na nini?"

"Chai."

"Chai kavu si mlo, mama. Imeamuliwa na Tume." Akaongeza mwaka mwingine. Kisha akajumlisha, akaguna, akajumlisha tena. "Kumi na saba na nusu. Pole sana. Amekosa kidogo tu."

Alisema pole kama vile nimefiwa. Akaondoka na mwavuli wake.

Asubuhi iliyofuata bomba letu lilikuwa na kufuli. Karatasi ilining'inizwa: Ukarabati. Bomba halikuwa bovu. Lilikuwa likitoa maji vizuri tangu mwaka juzi, jambo ambalo katika nchi yetu kweli ni la kutiliwa shaka, lakini si la kufungiwa. Nikalitazama lile kufuli. La shaba, jipya, lenye mchoro wa simba. Nilikuwa nimeliona pacha lake mahali pengine: kwenye geti la Mheshimiwa Burhani Mkwizu.

Maji yakabaki mtoni tu. Huko nikaenda mwenyewe na ndoo zangu, na nikamkataza Mwasiti kugusa hata kikombe. Lakini Bwana Lukindo alikuwa na kipengele. Bomba likifungwa, kila msichana wa mtaa anahesabiwa kuwa anabeba ndoo nne, hata kama amelala. Alhamisi saa tisa mchana Mwasiti akafika kumi na minane. Cheti kililetwa nyumbani na tarishi, kikiwa na pongezi za Waziri.

Mwasiti alikisoma akiwa amekaa kizingitini, akichuna kovu la goti.

"Mama, mimi nina miaka mingapi?"

"Kumi na minne."

"Na kwa serikali?"

"Serikali haikukunyonyesha."

Akafikiri kidogo. "Basi nikifanya mtihani wa hesabu, nikaandika kumi na nne ongeza ndoo nne ni kumi na nane, watanipa vema?"

"Watakupa uwaziri," nikasema.

*

Sasa niwaeleze kuhusu huyu Mkwizu, maana ndiye aliyekuja kuposa.

Burhani Mkwizu alizaliwa miaka arobaini na sita iliyopita. Mkunga aliyemzalisha bado yu hai na kumbukumbu zake ni nzima. Lakini alikuwa Mwenyekiti wa Vijana, mwenye miaka rasmi ishirini na tisa, na kwa ujana huo alipewa tenda zote zilizotengwa kwa vijana. Mojawapo ilikuwa ya kujenga bweni la wasichana na vyoo vya shule yetu. Tenda hiyo ilikuwa na miaka mitatu. Shuleni palikuwa na mawe matatu ya msingi, moja kwa kila mwaka, na kila jiwe lina jina la kiongozi aliyeliweka. Watoto waliyakalia wakati wa mapumziko.

Baba Mwasiti alirudi kutoka kikaoni amevaa kofia mpya. Walikuwa wamemfanya mjumbe wa Kamati ya Wazazi Wenye Maono.

"Ni mtu mwema," akasema.

"Nani?"

"Unamjua."

"Nataka ulitamke jina lake ukinitazama."

Hakunitazama. Akavua kofia, akaizungusha mikononi. Mume wangu si mtu mbaya. Ni mtu aliyechoka, na waliochoka ndio hupelekewa kofia.

"Mama Mwasiti, sikiliza. Shule ni kilomita tisa. Mwaka jana wasichana wawili walivamiwa njiani pale kwenye mikonge. Wewe unajua. Kila akitoka asubuhi mimi sifanyi kazi, nahesabu saa. Akiwa kwa Mkwizu, kuna ukuta, kuna geti, kuna mlinzi. Nitalala."

"Na ile njia ya mikonge wangeipita kama bweni lingejengwa?"

Akaikung'uta kofia vumbi lisilokuwepo.

"Bweni amepewa nani ajenge?"

Akaitundika kofia msumarini.

"Kwa hiyo mtu anaacha kujenga bweni, mtoto anatishika njiani, halafu yeye yule anakuja kusema nileteeni nimhifadhi. Huyo ni mwema, au ni mtega panya?"

"Posa ni Jumamosi," akasema kwa sauti ndogo. "Saa tano. Ofisi ya kata. Nimeshakubali mbele za watu."

*

Ijumaa nikaomba ruhusa kazini, nikaenda wilayani kutafuta ukurasa wa pili. Dirisha la kwanza likanipeleka la pili. La pili likanipeleka la tatu. La tatu likaniuliza nimetumwa na nani, na niliposema na binti yangu, likafungwa. Nilitoka saa saba njaa imeniuma, nikanunua maandazi mawili kwa mama mmoja aliyekaa nje ya geti. Akanifungia kwenye karatasi.

Mimi karatasi siitupi kabla ya kuisoma. Ni ugonjwa wa stoo. Nikaifungua, nikapangusa mafuta kwa kiganja. Juu paliandikwa: Jedwali la Taifa la Umri. Chini: Ukurasa wa 2 kati ya 2.

"Dada, hizi karatasi umezipata wapi?"

"Hapo ndani. Wanauza kwa kilo. Wanasema za kwanza zimetumika zote, hizi zimebaki." Akanitazama. "Vipi, andazi lina nywele?"

"Andazi ni zuri sana. Nifungie mengine manne, kila moja na karatasi yake."

Nilisoma nimesimama juani. Kichwa cha ukurasa kilisema: Mazingira Mazuri Humhifadhi Mtu Utotoni. Mwenye maji ya bomba ndani ya nyumba anapunguziwa miaka miwili. Choo cha ndani, mitatu kwa kila kimoja. Gari, minne kwa kila moja. Milo mitatu, mwaka. Nyama kila siku, mwaka. Hapo nikaelewa kwa nini binti wa Waziri, mwenye miaka thelathini na moja, bado anasoma ng'ambo kwa ufadhili wa watoto. Nikaelewa pia ujana wa Mkwizu: alikuwa ametangaza maji yake, nyama yake, milo yake, gari moja na vyoo vitatu, akafika ishirini na tisa, akaona panatosha, akaacha hapo.

Lakini mimi niliwahi kwenda kwake kupeleka dawa za mama yake. Naijua ile nyumba.

*

Jumamosi ofisi ya kata ilipambwa kwa vitambaa. Mkwizu alikuja na suti ya rangi ya maziwa. Siwema alivaa gauni jipya na akapiga vigelegele kabla ya salamu. Mwasiti aliketi kwenye kiti cha plastiki, amefungwa zile khanga, miguu haifiki chini vizuri. Baba yake aliketi nyuma yake akiitazama sakafu.

Bwana Lukindo akafungua kwa hotuba. Alisema kuwa leo taifa linashuhudia mwanamke mpya. Alisema kuwa zamani mabinti waliolewa wakiwa watoto, jambo la aibu, lakini chini ya uongozi imara wanaolewa wakiwa na cheti. Kisha akakumbusha kwamba kwa kanuni, kila tamko linalotolewa hadharani mbele ya Afisa Umri ni ushahidi na litaandikwa papo hapo.

Hiyo kanuni niliikariri.

Katika posa za kwetu kuna desturi: mama wa binti huruhusiwa kumuuliza mposaji kuhusu nyumba, naye hujibu kwa kujisifu. Asiyejisifu huonekana anadharau. Nikasimama, nimejitanda vizuri, sura ya unyenyekevu.

"Mheshimiwa, mwanangu amezoea shida. Huko aendako atakuta maji?"

"Mama mkwe!" Mkwizu akacheka, tumbo likacheka naye. "Maji yanamfuata mpaka kitandani!"

Vigelegele.

"Bwana Lukindo, umeandika?" Akaandika. "Na chakula?"

"Mara tatu. Na nyama haikosi hata siku moja. Kwangu hata paka amekinai."

"Mashallah. Mheshimiwa, unisamehe, mimi ni mtu wa chini. Huyu mtoto shuleni kwao anajisaidia vichakani. Kwako choo kipo?"

Hapo Mkwizu akasimama kabisa. "Kipo? Mama, viko sita! Viwili juu, viwili chini, kimoja cha wageni, na kimoja hakijawahi kutumika tangu kijengwe!"

"Sita," nikarudia taratibu, nikimgeukia Bwana Lukindo. "Sita, umeandika? Na magari?"

"Mawili. Hilo la pili sijawahi hata kulisema kwa watu." Akanikonyeza. "Kwa sababu ya husuda."

Siwema alipiga vigelegele mpaka akapaliwa.

Nikatoa ukurasa wa pili. Ulikuwa na mduara wa mafuta katikati, lakini muhuri wa Waziri ulisomeka. Nikausoma kwa sauti, mstari kwa mstari, na kwa kila mstari nikaomba kalamu ya Bwana Lukindo ifanye kazi yake. Arobaini na sita. Toa miwili ya maji: arobaini na minne. Toa kumi na minane ya vyoo: ishirini na sita. Toa minane ya magari: kumi na minane. Toa mmoja wa milo, toa mmoja wa nyama.

Mwasiti alikuwa ameshamaliza kabla yetu. "Kumi na sita," akasema kutoka kwenye kiti chake.

Bwana Lukindo alijumlisha mara nne. Jasho likamtoka hadi kwenye masikio. Sheria ilikuwa wazi, yeye mwenyewe ndiye anayeisimamia: mtoto haoi. Na mtoto asisaini mkataba. Na mtoto yeyote anayegundulika nje ya shule arudishwe shule Jumatatu.

"Mimi mtoto?" Mkwizu akanguruma.

"Usipige kelele mbele ya wakubwa, mwanangu," nikamwambia.

Watu walicheka mpaka vitambaa vikaanguka. Lakini Mkwizu alikaa chini, akanong'onezana na Bwana Lukindo kwa muda mrefu, na aliponyanyua uso alikuwa anatabasamu. Tabasamu lile sikulipenda hata kidogo.

*

Ilinichukua dakika mbili kuelewa. Kubomoa vyoo vyake kusingemsaidia haraka: mabadiliko ya vyoo huidhinishwa na kikao cha taifa, na kikao hukaa kila Desemba. Ila ukurasa wa kwanza hauhitaji kikao. Mkwizu angekwenda shule Jumatatu. Shule iko kilomita tisa: mwaka mmoja. Shule haina choo: mwaka mmoja. Kengele ya saa nane mchana ikilia, angekuwa na kumi na minane kamili, mtu mzima, na kipande cha posa kilichobaki kingemaliziwa Jumanne.

"Bweni lake lisilojengwa litamkuza," nikamwambia Baba Mwasiti tulipofika nyumbani. "Choo chake kisichojengwa kitamuoza mwanao."

"Sasa tufanye nini?"

"Jembe liko wapi?"

Ukurasa wa kwanza, kipengele cha saba, kilieleza choo ni nini: shimo, kuta nne, mlango, na mtu mzima mmoja aliyekitumia bila malalamiko. Hakikusema kijengwe na nani.

Nilizunguka mtaani jioni ile nikiwaambia kina mama jambo moja tu: choo kimoja, mwaka mmoja kwa kila msichana. Sikuhutubu. Mama mwenye binti wa miaka kumi na miwili hahitaji hotuba. Jumapili alfajiri tulikuwa kumi na tisa njiani, tumebeba mabati, nguzo, misumari na milango mitatu iliyong'olewa majumbani kwetu. Tulipopita kwenye mikonge nikasikia hatua nyuma. Ilikuwa Baba Mwasiti, jembe begani, kichwa kitupu.

"Usiniulize kama nimeelewa," akasema. "Nimechoka kuhesabu saa, basi."

Nikamwachia mzigo wa mabati.

Tulichimba mpaka saa kumi. Matundu manne, la nne halikuwa na mlango, tukatundika gunia. Siwema naye akatokea. Alisema amekuja kutusalimia. Kilomita tisa kwa ajili ya salamu! Alikuwa ametumwa kuchungulia, na alichungulia kwa bidii, lakini alikuwa amekunywa chai nyingi kabla ya kutoka, na baada ya robo saa akaanza kusimama mguu mmoja baada ya mwingine.

"Karibu, wifi," nikamwambia. "La kwanza ndilo zuri."

Akaingia mbio. Mwalimu mkuu akasimama nje na kitabu cha kumbukumbu. Siwema alipotoka, alimkuta pamoja na kina mama kumi na tisa waliojipanga mstari.

"Una malalamiko?" mwalimu akauliza.

Siwema alitutazama. Akatazama majembe.

"Mlango..." akaanza.

"Siwema."

"Sina," akasema. "Kwa kweli ni choo kizuri."

Mwalimu mkuu akaandika.

*

Hapo sasa ndipo nchi ilipopatwa na balaa, na sisi wala hatukukusudia.

Jumatatu Mkwizu alikuja shule, akaketi dawati la nyuma, magoti yamegusa kidevu, na kengele ilipolia akatangazwa kuwa na miaka kumi na saba. Alilia machozi ya kweli. Mwasiti naye akashuka kumi na saba, cheti chake kikabatilishwa. Lakini choo hakichagui. Kila msichana wa shule ile aliyewahi kupandishwa umri alipoteza mwaka mmoja, pamoja na wale walioolewa zamani. Walikuwa arobaini na watatu. Kwa usiku mmoja, nchi iliyokwisha kumaliza ndoa za utotoni ikawa na watoto arobaini na watatu wenye waume. Na sheria ilisema: mtoto aliye nje ya shule arudi shule.

Jumanne asubuhi wakaja. Wengine sare zimewabana, wengine wamevaa khanga, sita wana watoto mgongoni. Tatu alitangulia. Nje ya uzio walisimama waume wao, yule fundi wa redio akiwa mbele, wakipiga kelele kuuliza nani atapika. Mwalimu mkuu alifungua rejista, akawa anaandika upya majina aliyoyafuta mwenyewe.

Saa tano magari yakaingia. Waziri alikuwa amekuja kubomoa choo. Najua, kwa sababu gari la mwisho lilikuwa na watu wenye nyundo, na barua aliyoishika Bwana Lukindo ilisema choo kile ni ujenzi holela unaopunguza umri wa raia bila kibali. Bahati mbaya kwake, wale wageni wa nje waliokuwa wamekuja kuipongeza nchi walisikia anakwenda shuleni, wakamfuata wakidhani ni ziara. Walishuka na kamera zao. Wakaona wasichana arobaini na watatu. Wakaona watoto mgongoni. Wakamgeukia Waziri.

Yule mtu hakupepesa hata jicho. Akapanda juu ya jiwe la msingi la mwaka wa kwanza.

"Waheshimiwa wageni," akasema, "hawa ndio watoto tuliowaokoa."

Makofi. Wenye nyundo wakaambiwa warudi garini. Waziri akashuka, mkono mmoja mfukoni, akatafuta mtoto wa kupigwa naye picha. Tatu alikuwa karibu, lakini alikuwa na uso wa mtu atakayesema ukweli, na Waziri ana uzoefu. Akampita. Akamchagua Mwasiti, kwa sababu Mwasiti alikuwa akicheka.

"Binti mzuri. Waambie wageni wetu una miaka mingapi."

Mwasiti akaacha kucheka. Bwana Lukindo, aliyekuwa pembeni na daftari, akanong'ona: "Kumi na saba. Sema kumi na saba." Kumi na saba! Kufuli jingine tu la bomba, mtihani mmoja tu akifeli, na angekuwa amerudi kwenye kiti cha plastiki.

"Mwezi huu nimeambiwa mitatu tofauti, mheshimiwa," Mwasiti akasema. "Muulize mama. Yule pale."

Kamera zikanigeukia. Waziri akatabasamu kwa meno yote.

"Haya, mama. Mingapi?"

"Kumi na minne," nikasema. "Nilikuwepo."

Kina mama wakacheka. Wageni wakamuuliza mkalimani nimesema nini, na safari hii mkalimani, sijui kilichompata, akatafsiri yote. Mmoja wao akamuuliza Waziri kwa nini Afisa ana daftari lenye namba nyingine. Waziri akamtazama Bwana Lukindo jinsi mtu anavyomtazama mbwa wake aliyemng'ata mgeni.

"Mama amesema," Waziri akatamka, polepole. "Andika alivyosema mama."

Mama Tatu hakuwepo, amefariki. Bibi yake akapenya kutoka nyuma akasema kumi na mitatu, aandike. Na mwingine akasema kumi na mitano. Na mwingine. Walijipanga mstari bila kuambiwa, na Bwana Lukindo akaandika, akaandika, karatasi ikajaa.

Nilisogea nikamchungulia begani. Jina la Mwasiti lilikuwa la kwanza. Kumi na minne. Imeandikwa vizuri, kwa penseli.

Nikatoa kalamu ya wino kichwani kwangu, kwenye kilemba ninapoiweka nikiwa kazini, nikamwekea juu ya daftari.

"Anza upya, Bwana Lukindo," nikasema. "Sina haraka. Nimeomba ruhusa ya siku nzima."